Ufito Uliotoka Alani

Tanga la mashua ya Laser lina mita za mraba 7.06 za kitambaa na fito tatu nyembamba, kila mmoja umechomekwa katika ala yake kwenye ukingo wa nyuma. Ukiziweka zote tatu kiganjani hazishindi uzito wa embe dodo. Ndiyo maana mmoja ukipotea mwenye chombo huguna tu na kuendelea na safari. Akirudi pwani huagiza mwingine, huuchomeka pale pale, na baada ya wiki chache nao haupo. Wapo walioizoea hali hiyo hata wakawa wananunua fito kwa wingi, kama mtu anavyoweka akiba ya njiti za kiberiti. Sura hii inaipinga desturi hiyo. Nitajaribu kuonyesha kwamba ufito uliopotea mara chache huwa na kosa. Mwenye kosa ni mlango wa ala, na anayeweka ufito mpya bila kuutengeneza mlango huo ameandaa zawadi ya pili kwa bahari.

Tukubaliane kwanza majina, maana mashua hizi zilikuja na lugha za watu na kila bandari inaziita inavyopenda. Ufito ninaousema hapa ni kipande bapa, chembamba, cha ubao, mwanzi, plastiki au faibaglasi. Ukipenda uite upapi, kwa kuwa unafanana na papi za paa, ila huu sharti upinde bila kuvunjika. Ala ni mfuko mrefu ulioshonwa juu ya tanga, ambamo ufito unalala kama kisu. Tanga lenyewe lina kingo tatu. Ukingo wa mbele umeshikwa na mlingoti, ukingo wa chini unafuata boriti ya chini, na ukingo wa nyuma haukushikwa na kitu. Upepo ukishapita juu ya kitambaa hutokea kwenye ukingo huo wa nyuma, na namna unavyotoka ndiyo inayoamua kama mashua itakwenda au itaburura. Hivyo sehemu muhimu kuliko zote kwa mwendo ndiyo isiyo na mti wa kuitegemeza, na kazi hiyo imeachiwa vijiti vitatu.

Chora mstari ulionyooka kutoka ncha ya juu ya tanga hadi pembe ya chini iliyo nyuma. Kitambaa kilicho ndani ya mstari huo hukazwa na kamba, kwa sababu mvutano kati ya ncha mbili hupita njia iliyonyooka. Kitambaa kinachovimba nje ya mstari hakivutwi na chochote. Bila msaada kitajikunja upande ambao upepo unakipeleka. Ufito ni ubao uliotokeza nje ya gati. Mtu akitaka kusimama kwenye ncha ya ubao ule bila kutumbukia, sharti sehemu kubwa ya ubao ibaki juu ya gati na iwe na uzito wa kuikandamiza. Kutokana na hesabu hiyo washona matanga walipata kanuni yao ya kale, kwamba ufito usitokeze nje ya mstari zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake. Ufito wa sentimita 60 unaweza kubeba sentimita 20 za kitambaa kilichotokeza, na sentimita 40 zilizobaki ndani ndizo zinazouzuia usibinuke. 

Msomaji wa pwani ana haki ya kuuliza hapa swali gumu. Ngalawa za Unguja na mashua za Lamu hupiga bishi vizuri kabisa na matanga yake hayana ufito hata mmoja. Kwa nini basi tuhangaike? Jibu liko kwenye mkasi wa fundi. Tanga la ngalawa limening'inia kwenye foromali, na foromali ndiyo inayobeba ukingo mrefu wa mbele mpaka juu kabisa. Ukingo wa nyuma hukatwa ukanyooka au ukaingia ndani kidogo, kwa hiyo hakuna kitambaa kilichotokeza nje ya mstari, na pasipo na kilichotokeza hapana haja ya kukitegemeza. Fundi yule amelimaliza tatizo kabla halijazaliwa. Laser ilianzia kwenye haja nyingine. Mkanada Bruce Kirby aliichora mwaka 1969, alipoombwa achore mashua ya kubebwa juu ya gari, na ikaonyeshwa hadharani New York mwaka 1971. Mlingoti wake ni wa vipande viwili ili usafirike. Kwa mashua ya namna hiyo, kila kipande cha tanga kinachoongezwa nyuma ya mstari ni nguvu inayopatikana bila kurefusha mlingoti. Nguvu hiyo ilichukuliwa kwa mkopo, na ufito ndio unaoulipa.

Kwa hiyo anayesema "nitasafiri bila fito kama ngalawa" anachanganya matanga mawili yaliyokatwa kwa nia mbili. Ninakubali kwamba ana njia moja ya halali: ampelekee fundi tanga lake, likatwe ukingo wa nyuma uingie ndani ya mstari, ala zifumuliwe, na mambo yaishe. Kwa mtu anayetaka kuzunguka ghubani jioni, hiyo si hasara kubwa. Atapoteza sehemu ya tanga na ataachwa nyuma na wenzake upepo ukiwa mdogo, lakini hatakuwa na kitu cha kupoteza baharini. Asichoweza kufanya ni kubaki katikati, yaani kuacha tanga lililotokeza likapepea bila ufito. Hapo ndipo gharama inapoanza.

Tanga likiwa limejaa upepo, nafasi ya ufito uliokosekana huonekana kama kosa dogo la sura: mkunjo mmoja unaotoka kwenye ukingo na kuingia ndani, pale kitambaa kinapoanguka kati ya ufito wa juu na wa chini. Macho huuzoea mkunjo huo haraka. Masikio ndiyo yanayosema kweli, kwa sababu ukingo usiotegemezwa hutetemeka na kutoa mlio mfululizo, kama karatasi iliyobandikwa vibaya kwenye feni. Kitambaa cha tanga la poliesta hupewa ugumu wake kwa utomvu unaokandamizwa kati ya nyuzi kiwandani. Mtetemo huuvunja utomvu huo polepole, na kitambaa kilichokuwa kinakwaruza kama karatasi mpya kinalegea mpaka kinafanana na shuka kuukuu. Kikishalegea hakirudi. Wakati huohuo mshono wa ukingo, ambao tayari umechomwa na jua, unakatika uzi mmoja mmoja. Ufito mmoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya tanga. Anayeacha ala tupu kwa msimu mzima amebana kwenye kidogo na kumwaga kwenye kikubwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: ufito hutokaje? Wengi hudhani upepo mkali huunyonya. Lakini angalia tanga lililojaa. Kitambaa kimekazwa pande zote mbili za ufito na kuubana. Ufito nao umepinda kidogo, na mpindo huo unaugandamiza kwenye kuta za ala. Katika hali hiyo hata mkono wako hauutoi kwa urahisi. Legeza kamba tanga likose upepo, na kila kitu kinageuka. Mbano unaondoka, ukingo wa nyuma unaanza kupigapiga kulia na kushoto, na ufito unarushwa nje kama maji yanavyorushwa na kanga iliyokung'utwa kabla ya kuanikwa. Mkono wa mwenye kanga hauyavuti maji. Anachofanya ni kukizungusha kitambaa ghafla, nayo maji hushindwa kugeuka pamoja nacho. Ufito ni mzito kuliko kitambaa kilichouzunguka, kwa hiyo nao hushindwa kugeuka, na upande pekee ulio wazi kwake ni mlangoni.

Nguvu hiyo inaweza kukadiriwa. Tuseme ufito una gramu 60, na katikati ya uzito wake ni sentimita 40 kutoka pale tanga linapojikunja. Tuseme pia ukingo unakwenda na kurudi mara 5 kwa sekunde, digrii 30 kila upande. Kila ufito unapopita katikati ya mzunguko huo, unavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia mara 11 ya uzito wake, yaani kama vile mtu ametundika gramu 650 kwenye ncha yake. Hupita katikati mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya tanga kupigapiga ni mivuto 600. Namba hizi ni za mfano tu, na tanga la kila chombo lina tabia yake; lakini hata ukizipunguza kwa nusu, bado huoni ajabu tena kwamba ufito umetoka. Ajabu ni kwamba nyingine zinabaki. Na wakati wa hatari unajulikana: pale mnaposubiri mbio zianze, pale chombo kimeegeshwa ufukweni na tanga halikushushwa, na pale mashua iliyopinduka inapoinuliwa na tanga kutoka majini likiwa limebeba maji hata ndani ya ala. Upepo unaofanya kazi huuacha ufito mahali pake. Wa kuogopwa ni upepo uliokosa kazi.

Tukiijua nguvu, tuutazame mlango unaotakiwa kuizuia. Katika mashua nyingi ndogo mlango haukufungwa kwa kifungo chochote. Ala imeshonwa ikaachwa wazi nusu tu ya upana wake kwenye ukingo, na nusu nyingine imezibwa kwa mshono. Mwisho wa ndani kuna lastiki. Unasukuma ufito kupitia nusu iliyo wazi, lastiki inabanwa, na ncha ya nje ikishaingia yote unaiteremsha mpaka ikae nyuma ya nusu iliyozibwa. Ukiachia, lastiki inausukuma ufito ukutane na mshono, na hapo umefungwa. Ni ubunifu wa werevu mkubwa, lakini tazama unavyotegemea vitu viwili: lastiki iliyo hai, na urefu sahihi wa ufito. Ufito sharti uwe mrefu kuliko nafasi ya ala wakati lastiki imelegea, la sivyo hakuna kinachousukuma na utazurura mpaka ukutane na mlango. Sharti pia uwe mfupi kuliko nafasi hiyo wakati lastiki imebanwa kabisa, la sivyo ncha haitateremka nyuma ya mshono na itabaki imesimama mlangoni. Kati ya vipimo hivyo viwili pana nafasi ndogo, na kila msimu inapungua. Jua na chumvi huichosha lastiki, kitambaa cha ala kinanyooka, ncha ya ufito inasagika. Siku nafasi hiyo inapoisha, mlango uko wazi ingawa kwa macho unaonekana vilevile.

Hapa kuna jambo la historia linaloeleza kwa nini tumeridhika na mlango dhaifu hivi. Zamani matanga yalikuwa ya pamba na fito zilikuwa za mbao. Mbao zilizolowa zikiachwa ndani ya pamba iliyolowa, kitambaa huota ukungu na ufito hupinda ukabaki umepinda. Baharia mwangalifu alizitoa fito zote kila aliposhusha tanga, na mlango rahisi ulikuwa rehema kwake. Kisha Waingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson wakavumbua uzi wa poliesta mwaka 1941, na katika miaka ya 1950 uzi huo ukaanza kuiondoa pamba kwenye matanga. Faibaglasi nayo ikachukua nafasi ya mbao. Vitu hivi viwili vipya vikikaa pamoja haviozi wala havipindani. Haja ya kutoa fito kila siku imepungua sana, lakini mlango ulioshonwa kwa ajili ya haja hiyo bado tunao. Tunaendelea kulipa kodi ya nyumba tuliyokwisha kuhama.

Ushahidi kwamba mlango unaweza kuwa mwingine upo, na ni wa kale. Matanga ya majahazi ya Kichina yana fito zinazovuka upana wote wa kitambaa, na fito hizo hufungwa kwa kamba juu ya tanga, hazichomekwi. Hakuna mlango wa kutokea kwa sababu hakuna ala iliyo wazi. Mwingereza Blondie Hasler aliuchukua mpango huo, akauweka kwenye mashua yake ndogo Jester, na mwaka 1960 akavuka nayo Atlantiki peke yake kutoka Plymouth hadi New York katika mashindano ya kwanza ya aina hiyo. Alitumia siku 48 na kushika nafasi ya pili, nyuma ya Francis Chichester aliyekuwa na chombo kikubwa zaidi. Anayefikiri kufunga ufito kwa kamba ni ushamba ajiulize ni fito ngapi za ala wazi zingestahimili siku 48 za Atlantiki ya kaskazini. Hata mashua ya kisasa yenye miili miwili, Hobie 16, ambayo fito zake huvuka tanga zima, hufunga kila ufito kwa uzi mwembamba kwenye ukingo wa nyuma. Wale ambao tanga lao lote linategemea fito hawakuliachia jambo hili kwa lastiki.

Basi ufito mpya utafutwe vipi? Kwanza kwa kupima ala, kwa kuwa wa zamani uko chini ya maji na hauwezi kuulizwa. Chukua kijiti chembamba kilichonyooka, kisukume mpaka kiguse lastiki bila kuibana, weka alama kwenye ukingo. Kisha kisukume mpaka lastiki igome, weka alama ya pili. Urefu unaoutaka uko kati ya alama hizo, karibu zaidi na ya pili. Alama zikiwa zimekaribiana sana, au kijiti kisiposukumwa nyuma kinapoachiwa, lastiki imekufa na inapaswa kubadilishwa kabla ya jambo jingine lolote. Usichukue ufito wa ala ya jirani ukadhani ndio kipimo, kwani fito za tanga moja mara nyingi hutofautiana urefu. Na ukishakata, andika kwa kalamu ya wino usiofutika ni wa ala ipi. Faibaglasi hukatwa kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, maana vumbi lake ni vioo. Pembe huviringishwa kwa msasa hadi zisikwaruze kidole, na ncha zote mbili huzungushiwa tepu ili nyuzi za kioo zisichomoze na kuitoboa ala kutoka ndani.

Ugumu wa ufito una uzito sawa na urefu wake, nao hupuuzwa zaidi. Ufito mzuri ni laini mbele na mgumu nyuma, ili mpindo wa tanga upite juu yake bila kuvunjika ghafla. Ulio mgumu sawasawa mwanzo hadi mwisho hulifanya tanga lipinde vizuri mpaka kwenye ncha yake ya ndani, kisha linajikunja hapo kama bawaba, na bawaba ni mahali pa kupasukia. Jaribio lake ni jepesi. Simamisha ufito sakafuni, weka kiganja juu, kandamiza taratibu na utazame umbo. Mpindo mkubwa ukitokea karibu na ncha moja, hiyo ndiyo ya kuingia kwanza. Ukitokea katikati kabisa, ufito haukupunguzwa, na unaweza kuupunguza wewe kwa msasa kuanzia katikati kuelekea mbele. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: pasipo duka la vifaa vya mashua, utepe wa mwanzi uliopasuliwa, ukakwanguliwa ukawa laini na kupakwa vanishi, unafanya kazi hii kwa heshima. Unachopaswa kukiepuka ni bomba la plastiki la nyaya za umeme. Ni la duara wakati ala ni bapa, hupinda sawa kila mahali, na likipigwa na jua kwa muda huvunjika na kuacha makali.

Sasa tufunge mlango. Pendekezo langu halihitaji zaidi ya sindano nene, uzi wa poliesta uliopakwa nta na dakika chache kwa kila ala. Ufito ukishakaa nyuma ya mshono wa kiwandani, ziba nusu iliyo wazi kwa mishono mitatu au minne ya mkono, mipana, inayopita kwenye tabaka zote za kitambaa, na umalizie kwa fundo bapa: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Sindano ipite nje ya ncha ya ufito na isiutoboe, kwa sababu faibaglasi iliyotobolewa kiholela hupasuka kufuata urefu wake. Palipo na vitundu vya chuma kwenye ukingo, kama matanga mengine yalivyo, pitisha kamba nyembamba humo na kwenye tundu la ufito uliotengenezwa na tundu lake. Usikaze mpaka ufito upinde. Ufito mfupi unatakiwa kulala, na kitambaa kinahitaji nafasi ya kunyooka mbele yake. Uzi uwe dhaifu kuliko tanga, kwani kitu kikilazimika kukatika ni heri kikatike kile kinachobadilishwa kwa senti chache na kinachoonekana kwa macho kila unapotweka. Kipimo cha kifungo chema ni kimoja: kifunguke kwa mkono wa mtu, kisifunguke kwa mkono wa upepo.

Pingamizi la kwanza litakuwa usumbufu. Anayeshona ala, watasema, hawezi kukunja tanga lake. Hilo lina ukweli kwa tanga linalokunjwa kama shuka, lakini kukunja ndiko kunakolivunja tanga la poliesta, fito ziwemo zisiwemo. Tanga la mashua ndogo livingirishwe kuanzia juu kushuka chini, fito zikilala sambamba na mviringo, kama mtu anavyokunja mkeka kwa ajili ya safari. Fito haziumii na kitambaa hakipati kovu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ufito ukivunjika safarini na mlango umeshonwa, vipande vyenye makali vitabaki ndani vikilitafuna tanga. Kweli, ndiyo sababu nikasema mishono michache na mipana, ambayo kisu huikata kwa mkupuo mmoja. Baharia asiye na kisu ana tatizo kubwa kuliko ufito. Pingamizi la tatu ni la washindani. Daraja la Laser, ambalo liliingia Olimpiki mwaka 1996 na sasa linaitwa ILCA, lina kanuni kali juu ya vipuri na mabadiliko, na mwenye kushindana azisome kabla ya kushika msasa au sindano. Lakini kupima ala, kubadilisha lastiki kwa ya aina ileile na kuhakikisha ufito una urefu wake halali ni kulirudisha tanga katika hali lililotoka nayo kiwandani, na hapo ndipo nusu ya ugonjwa inapopona.

Wapo pia watakaosema tepu inatosha. Tepu ni msaada wa siku moja. Gundi yake haipendi chumvi wala joto, nayo huachia kwa siri, upande mmoja ukiwa bado umeshika hata mtu akapita akadhani pamefungwa. Velkro ni bora zaidi, mradi isafishwe mchanga. Ikijaa mchanga inabaki jina tu. Na yule wa fito za akiba, niliyeanza naye, ana hoja moja ya haki, kwamba akiba ni busara. Nami nasema aweke akiba. Lakini akiba ni kwa ajili ya kilichovunjika. Kwa kilichotoka mlangoni, akiba humsaidia tu asiutazame mlango, na kila ufito anaotia mfukoni unampa ruhusa ya kutoutazama tena. Kwa mabaharia wa kwetu ambao vipuri hivi huwafikia kwa meli au ndani ya begi la msafiri, ruhusa hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana kwenye bei ya kitu.

Mwisho, kazi hii haifanywi mara moja ikasahaulika. Kila tanga linapolazwa majanini kuvingirishwa, pitisha ukucha juu ya mshono wa kila ala. Uzi mzima huteleza chini ya ukucha. Uzi ulioliwa na jua hufyatuka na kuacha unga mweupe kidoleni. Kisha bonyeza ncha ya kila ufito kwa dole gumba na uachie. Ukirudi wenyewe, lastiki iko hai. Ukibaki pale ulipouacha, una safari moja au mbili kabla haujakuacha wewe. Mambo hayo mawili huchukua muda usiozidi wa kuosha miguu mchanga. Anayeyafanya hataambiwa na bahari kwamba ala yake iko wazi. Ataambiwa na kidole chake, nchi kavu, sindano ikiwa karibu.